Nagona imenishinda mara tatu: kosa ni langu au la Kezilahabi?

SWALI: Mimi ni mpenzi wa riwaya za Euphrase Kezilahabi tangu nikiwa sekondari. Rosa Mistika niliimaliza kwa siku mbili, na Kichwamaji ilininyima usingizi. Mwaka huu nimeipata Nagona. Nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeishia njiani. Kuna kurasa zinanisisimua mpaka nazisoma kwa sauti, lakini ukiniuliza kimetokea nini, sina la kusema. Mara nahisi mwandishi ananidharau, mara nahisi mimi ndiye sijui kusoma. Sasa wenzangu wa kikundi cha usomaji wamenipa kazi ya kuongoza mazungumzo juu ya kitabu hikihiki. Je, huu ni ufundi au majivuno ya msomi? Na nikisema wazi kwamba sikukipenda chote, si nitaonekana mshamba?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuuma zaidi. Hapana, hutaonekana mshamba. Nimesomesha riwaya hii kwa miaka mingi, na wanaonitia wasiwasi ni wale wanaokuja darasani siku ya kwanza wakisema wameielewa yote. Nakala yangu ina alama za kalamu mbili. Ya risasi ni ya usomaji wa kwanza, nikiwa mwanafunzi, na karibu yote ni alama za kuuliza, kuna ukurasa mmoja nimeandika pembeni "basi!", na nakumbuka nilikifunga kitabu hapo nikaenda zangu. Ya wino wa buluu ni ya miaka kadhaa baadaye. Chini ya ile "basi!" nimeandika "hapa pazuri". Sijafuta hata moja. Nikiusoma ukurasa ule leo, naona aliyechoka alikuwa na haki na aliyefurahi naye alikuwa na haki.

Tuondoe kwanza dhana moja ambayo wasomaji wengi wanayo hata bila kuisema: kwamba Nagona ina Kiswahili kigumu. Haina. Ifungue popote. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku, huhitaji kamusi. Ukitaka Kiswahili kigumu hasa, soma Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale juu ya magofu ya Pate. Pale utahitaji mtu wa kukueleza Kiamu, lahaja ya Lamu, utahitaji na subira. Lakini ukishayapata maneno, njia imenyooka: majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa sasa yamekuwa makao ya popo na ndege, nawe ewe moyo wangu una nini hata usizinduke? Ugumu wake uko ndani ya neno. Wa Nagona uko kati ya sentensi na sentensi. Kila moja umeielewa, ila ukitaka kuvuka kwenda kwa inayofuata unakuta daraja limeondolewa.

Nikuonyeshe kwa mfano wangu mwenyewe, maana sitaki kumkata mwandishi vipande. Chukua habari hii:

"Mzee Sefu alifariki alfajiri. Kwa kuwa mwanawe mkubwa alikuwa safarini, majirani walimsubiri hadi jioni, ndipo wakazika. Usiku mwana alipofika na kukuta mlango umefungwa, alidhani baba amelala, akaketi barazani kusubiri kuche."

Habari imekamilika, na ukishaisoma unaweza kuisahau. Sasa iandike hivi:

"Mlango umefungwa. Nimeketi barazani. Ndani kuna mtu amelala. Majirani wanapita na majembe yenye udongo mbichi, hawanisalimii. Nasubiri aamke."

Hakuna neno gumu hata moja. Kilichoondoka ni jina, saa, "kwa kuwa" na "ndipo". Tumepoteza viungo. Lakini angalia tulichopata. Yale majembe hayakuwemo katika habari ya kwanza, yalifunikwa na neno "wakazika". Sasa yamejitokeza, na msomaji anajua jambo ambalo msimulizi halijui. Hapo ndipo mwili unaposisimka. Gharama yake nayo iko wazi: asiyeyaona majembe ataachwa barazani pamoja na yule mwana, akisubiri asijue anasubiri nini.

Basi fikiria kitabu kizima kimeandikwa kwa njia hiyo. Msimulizi hana jina. Anafika mahali penye ukimya wa ajabu, anakutana na mzee na vitabu vyake, anamtafuta Nagona, na Nagona kila akikaribia kushikwa anaponyoka. Muda haueleweki, mahali hapaeleweki. Tena kuna sehemu ambapo mwandishi ameondoa mpaka majembe. Kwenye sehemu hizo, ndugu yangu, malalamiko yako yana msingi, na nitayarudia.

Kwanza tuulize kwa nini mtu huyu aliandika hivi, maana si kwamba kusimulia kulimshinda. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akapitia seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni, kwa sababu ilisema juu ya wasichana na wanaume mambo ambayo watu walitaka yabaki chumbani. Ikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Hizi zote zina mwanzo, kati na mwisho. Kazimoto wa Kichwamaji unamjua kwao, unamjua rafiki yake, unamfuata hatua kwa hatua mpaka anapojiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo unamfuata mpaka sheria inapomnyonga. Hakuna anayeweza kusema mwandishi wa vitabu hivi hajui kupanga tukio.

Kisha ikapita miaka 11 bila riwaya. Katikati yake alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1985. Tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nikiikunja kwa maneno ya kawaida, hoja yake ni kwamba tumezoeshwa kusimama nje ya kitu, kukifanya kiwe kitu tu, halafu kukieleza. Na kwamba mazoea hayo, tuliyoletewa na tukayapokea kama ndiyo akili yenyewe, yanaua kile tunachodhani tunakieleza. Yeye alitaka lugha inayokaa ndani ya jambo badala ya kulitolea taarifa.

Mtu akishaamini hivyo, atamfanya nini yule msimulizi wa Gamba la Nyoka anayejua yaliyo vichwani mwa wanakijiji wote? Hawezi tena kumtumia kwa dhamiri safi. Nagona ikatoka 1990 na Mzingile 1991, na wote wawili wasimulizi wao hawajui zaidi ya wanachokikanyaga kwa miguu yao. Na usisahau miaka yenyewe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka urais mwaka 1985, na mwaka uleule wa Mzingile ndipo likaja Azimio la Zanzibar lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha. Sisemi vitabu hivi vinahusu maazimio. Nasema viliandikwa wakati ambapo hadithi kubwa tuliyokuwa tukijisimulia, yenye mwanzo wake, shujaa wake na mwisho wake uliopangwa, ilikuwa imekatika mikononi mwetu, na mtu aliyekwisha kuiandika ujamaa katika Gamba la Nyoka alijua hivyo kuliko wengi.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kuwaudhi wasomaji. Kichomi, diwani yake ya 1974, haikufuata vina na mizani, na wenye ushairi wao wakasema hayo si mashairi. Mabishano yale yalidumu miaka. Leo mashairi huru yanaandikwa na hakuna anayeshtuka. Nalitaja hili kwa tahadhari, kwa sababu mashabiki wa Nagona hulitumia kama rungu: "hata Kichomi mliikataa!" Kwamba watu walikosea juu ya kitabu kimoja si ushahidi kwamba wanakosea juu ya kingine.

(Nitoke nje kidogo. Ukerewe hiyohiyo ilitupa mwandishi mwingine aliye kinyume kabisa, Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza anakueleza kila kitu, jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mkwe anavyopokewa, dawa ipi ni ya nini, mpaka unataka kumwambia imetosha. Kisiwa kimoja, mmoja hataki kukuficha chochote na mwingine hataki kukuonyesha chochote. Siku ukipata nafasi visome pamoja.)

Sasa nije kwenye hisia yako ya kudharauliwa, kwa sababu nadhani najua inatoka wapi, na haitoki kwenye ugumu.

Sisi Waswahili si wageni wa fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alikuwa akifumba siasa nzima za Mvita na Lamu ndani ya beti chache, na waliokusudiwa wakamwelewa vizuri mno. Watunzi wamekuwa wakifumbiana na kufumbuliana karne na karne. Watoto wanakua na vitendawili. Kwa hiyo mtu akituambia neno lililofunikwa hatukasiriki, tunakaa sawa tuanze kulifunua.

Lakini kumbuka mchezo wa kitendawili unavyokwenda. Kitendawili! Tega. Kinategwa. Unajaribu, unakosa, unajaribu tena. Ukishindwa kabisa unaambiwa utoe mji. Unatoa: nenda Mombasa. Mtegaji hodari hujifanya anasafiri, anaeleza alivyokula na kunywa huko, mnacheka, kisha anakupa jibu. Huo ni mkataba. Nina haki ya kukufumba kwa sababu nina deni la kukufumbulia. Jibu lipo, na kama kichwa chako hakikulifikia, utalinunua kwa mji.

Nagona inakaa mkao wa kitendawili. Inatega. Wewe unajaribu, unashindwa, unatoa mji, unatoa wa pili, umetoa miji yote unayoijua, na mtegaji yuko kimya. Ndipo unapoona umedharauliwa. Umelipa, hukupewa. Nami nadhani wasomaji wengi wanaokasirishwa na kitabu hiki hawakasirishwi na kutoelewa, wanakasirishwa na mkataba uliovunjwa bila taarifa.

Je, alituarifu? Kwa maoni yangu alijaribu. Kitabu kinakwenda kuelekea Ngoma Kuu, na hilo ndilo neno ambalo ningekwambia ulishike kuliko jina la Nagona. Mtu aliye ngomani hasimamishi wapigaji kuuliza ngoma ya pili ina maana gani. Hata hivyo anajua ngoma ilipochanganya, anajua ilipopoa, anajua mpigaji alipokosea. Ana maarifa ya ngoma yasiyopitia swali la "maana yake nini". Ukiyafikiria yale maduara yanayojirudia kitabuni, pamoja na wale wanaozunguka wasifike, utaona mwandishi anakuomba ubadilishe mkao wako, utoke kwenye kitendawili uingie ngomani. Kile kitabu cha pili kimeitwa Mzingile, njia zilizosokotana ambamo aingiaye hajui atokee wapi. Akikuita mzingile halafu ukapotea, huwezi kusema hakukuonya.

Na hapa shule inaingia. Wewe umesema ulimsoma Kezilahabi sekondari. Basi ulimsoma kwa jedwali la fani na maudhui: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, halafu fani, wahusika wakuu na wadogo, mandhari, matumizi ya lugha. Mimi mwenyewe nimelifundisha jedwali hilo, sitalitukana. Kwa Rosa Mistika linafanya kazi nzuri. Dhamira ni malezi, mgogoro ni Zakaria na binti yake, ujumbe unaandikika. Ila limetuachia tabia moja mbaya, kwamba msomaji aliyefunga kitabu bila "ujumbe" mkononi anaona amefeli mtihani. Ulivyoniandikia kwamba "ukiniuliza kimetokea nini, sina la kusema", nilimsikia mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekaa mbele ya karatasi tupu. Jaza jedwali la Nagona uone. Mhusika mkuu hana jina. Mandhari haipo kwenye ramani. Ujumbe? Ukiuandika kwa sentensi moja, "ukweli haushikiki", utakuwa umeandika kitu ambacho hakihitaji riwaya.

Haya. Mpaka hapa nimemtetea mwandishi. Sasa nimgeukie, maana hoja ya "hii ni ngoma, usiulize maana" inaweza kusitiri uvivu wa kila aina, na wako walioandika baada yake wakajificha humo.

Sehemu inayonisumbua mimi katika Nagona ni pale wanapoingia wakubwa wa fikra za Ulaya. Unakutana na Nietzsche, unakutana na Marx, Freud, Darwin. Watetezi wanasema hapo mwandishi anaonyesha kwamba njia zao zote za kuusaka ukweli zimeishia ukutani. Nimewasikia na nimeelewa. Lakini hebu tazama majina haya yanamfanya nini msomaji. Aliyekaa kwenye madawati ya chuo atatabasamu kwa kuwatambua, na furaha yake ni ya kutambua tu, kama kuona sura ya mtu unayemjua kwenye picha ya harusi. Ambaye hakukaa huko hana cha kushika, majina yenyewe hayana mwili, hayana jasho. Ni kiingilio kilichowekwa mlangoni. Na inachekesha kwamba kiingilio hicho kimewekwa na mtu aliyeandika tasnifu ya kulalamikia njia za kufikiri tulizoletewa. Hapa mimi nasema wazi kwamba Nagona inaisaliti kanuni yake yenyewe. Ule ukurasa wako wa kufungia kitabu ukikutwa uko jirani na hapa, sitashangaa.

Sasa ulinganishe na Mzingile. Msimulizi yuko safarini kumtafuta mzee aitwaye Kakulu ili ampelekee habari kwamba mwanawe amekufa. Basi. Hilo ndilo fumbo lenyewe, na hulipii chochote kuingia. Kila mtu aliyewahi kupewa kazi ya kupeleka habari ya msiba anajua uzito ule wa miguu, unavyotamani njia iwe ndefu, unavyopanga sentensi ya kwanza na kuipangua. Aliyelelewa na Biblia, kama mwandishi alivyolelewa, atashtuka ghafla: huyu baba aliyejitenga mbali ni nani, na mwana aliyekufa ni nani? Anayejua ngano za wazee waliozaliwa kimiujiza atasikia kingine. Asiyejua haya wala yale bado anatembea, bado ana habari ya kifo mdomoni, bado anataka kujua mzee ataipokeaje. Fumbo moja na milango mitatu, wote wamo ndani. Huo ndio ugumu ninaouheshimu. Wenzangu wengi huiweka Nagona juu, mimi Mzingile inanitosha.

Ingawa nayo ina doa lake. Dunia inapokuwa imeteketezwa kwa silaha za nyuklia na maisha yanaanza upya kwa mwanamume na mwanamke, mwanamke yule amebebeshwa mwanzo wa ulimwengu mzima lakini sijui anapenda nini, anaogopa nini, anacheka vipi. Na kitabu kimetoka kwenye kalamu iliyomwandika Rosa! Rosa alikuwa na barua zake, na aibu yake, na baba yake mlevi. Nadhani mtindo huu wa kuondoa viungo unaondoa na nyama, na wa kwanza kukondeana ni wanawake.

Kwa hiyo, ufundi au majivuno? Siwezi kukujibu kwa kitabu kizima, ila kwa ukurasa mmoja mmoja naweza, na kipimo changu ni rahisi. Chukua ukurasa uliokushinda, ueleze upya kwa Kiswahili cha kawaida kama unavyomsimulia jirani. Ukiona usimulizi wako umepoteza kitu ulichokuwa unakihisi, kama tulivyoyapoteza majembe kwenye neno "wakazika", basi ukungu ule ulikuwa na kazi. Ukiona hujapoteza chochote, yaani sentensi yako moja nyepesi imebeba yote, basi mwandishi alijipamba tu. Na ukiona hakuna kilichobaki cha kusimulia wala cha kuhisi, ruka. Ndiyo, ruka. Mimi nina kurasa za Nagona nilizoziruka mara tano na sijajuta.

Kwenye kikundi chako, usianze na "kitabu kinahusu nini". Mtakaa dakika tano kimya, kisha mwenye shahada atawahutubia. Waambie wakisome kwa mkao mmoja, jioni moja. Ni chembamba, hakifiki kurasa 100. Nina hakika kinakushinda kwa sababu unakisoma vipande vipande kabla ya kulala. Riwaya yenye kisa inakusubiri, ukirudi kesho unakumbuka Rosa yuko wapi. Hii haina kisa cha kukushikia nafasi, kwa hiyo kila usiku unaanza mgeni. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja aliousoma kwa sauti, na ausome tena kwa sauti mbele ya wenzake kabla ya kusema lolote. Unasema kuna kurasa unazozisoma hivyo. Umekuwa ukikisoma sawasawa bila kujua. Mkitaka kitu cha kushika, karatasi ipite mkononi kila mtu aandike kinachojirudia, mwanga, ukimya, njia, duara, bila kukipa maana.

Kama kuna mwenzenu amekata tamaa kabisa, msimbembeleze. Mpeni Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001. Zote zimepita kwenye mlango alioufungua Kezilahabi, ila waandishi hawa wameweka kitasa. Katika Babu Alipofufuka mhusika anaitwa K, herufi moja tu, na marehemu babu yake anarudi kumsuta. Ni kiini macho kitupu, lakini ukubwa wa K na uchafu wake unautambua bila kufundishwa. Mtu akitoka huko akarudi kwenye Nagona, giza haliwi lilelile.

Kezilahabi mwenyewe hakutoa riwaya nyingine baada ya Mzingile, ingawa aliishi hadi Januari 2020, miaka mingi akisomesha Botswana. Aliendelea na ushairi, Dhifa ikatoka 2008. Huwa najiuliza kama naye aliona ukuta, kwamba ukishaondoa viungo vyote vya riwaya, kinachobaki ni shairi, na shairi alikuwa analijua tangu Kichomi.

Umeniambia umeishia njiani mara tatu, hukuniambia wapi. Angalia alama zako. Kama ni kurasa tatu tofauti, nenda nazo zote kwenye kikundi. Kama ni ukurasa uleule mara zote tatu, anzeni mazungumzo hapo, na uniandikie mlichokikuta.